Maswali ya Wasomaji: Antena Kuukuu ya Boti, Itengenezwe au Inunuliwe Mpya?

SWALI: Assalaam alaykum, Fundi. Mimi ni nahodha wa boti ya faiba ya mita 9 hapa Shimoni, Kwale. Kazi yangu ni kuwapeleka wageni Kisite na Mpunguti, na mara moja moja kuwatoa wavuvi hadi katikati ya Mkondo wa Pemba. Boti niliinunua kwa mtu ikiwa tayari na redio ya VHF na antena nyeupe ya faiba yenye urefu wa mita 2.4, ambayo imepigwa jua na chumvi miaka mingi: rangi imekwisha, ngozi yake imekuwa ya unga unga, na ukiishika kwa mkono mtupu unawashwa mchana kutwa. Zamani nilikuwa nikizungumza na ofisi yetu nikiwa Kisite bila taabu, lakini tangu kusi iliyopita nikishapita ncha ya Wasini tu sauti inakwaruza, yangu kwao na yao kwangu, na siku ya mvua ndiyo kabisa. Fundi mmoja ameniambia niipake rangi, itadumu miaka 10 mingine. Wa pili ameniambia niitupe. Mjomba wangu, ambaye nusu ya boti ni yake, hatoi shilingi mpaka apewe sababu. Nishike la nani?
*Nahodha, Shimoni*

JIBU: Wa alaykum salaam, Nahodha. Mafundi wako wawili wametofautiana kwa maneno, lakini wote wamefanya kosa moja, nalo ni kuihukumu antena kwa ngozi yake. Ule mrija mweupe wa faiba hautumi wala haupokei chochote. Ni ala tu ya kukinga shaba iliyomo ndani, na mawimbi ya redio hupita ndani yake kama mwanga upitavyo kwenye kioo. Jua ndilo linalokula gundi ya juu mpaka nyuzi za kioo zikabaki wazi, na hizo nyuzi ndizo zinazokuwasha mikono. Antena inaweza kuwa na sura mbaya ya namna hiyo na bado ikasema vizuri, na nyingine ikawa inang'aa kama yai ilhali ndani imekufa. Mwasho wa mkono wako na mkwaruzo wa redio yako ni maradhi mawili mbalimbali, ingawa la kwanza likiachwa huweza kulizaa la pili, kwa sababu nyuzi zilizo wazi hushika maji ya chumvi na kila ufa huyapa njia ya kuingia.

Kabla ya kugusa kitu, tujue kwanza redio yako ilipaswa kufika wapi. Mawimbi ya VHF ya baharini, ambayo chaneli 16 yake ya wito na dharura iko kwenye megahezi 156.8, husafiri karibu kwa mstari ulionyooka na huishia pale bahari inapojikunja. Chukua kimo cha antena yako juu ya maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 4.1, nawe utapata kilomita hadi upeo wa redio. Fanya hivyo hivyo kwa antena ya ofisini, ujumlishe. Ikiwa yako iko mita 4 juu ya maji na ya ofisi iko mita 10, jumla ni kama kilomita 21, na Kisite iko ndani kabisa ya masafa hayo. Kwa hiyo hudai muujiza. Unadai haki yako.

Umesema kukwaruza ni kwa pande zote mbili, na neno hilo limenisaidia kuliko yote mengine katika barua yako. Kama ungekuwa unawasikia vizuri ila wao hawakusikii, ningekuambia uangalie kwanza kama redio imebanwa kwenye wati 1 badala ya 25, kisha ukapime betri wakati umebonyeza kitufe cha kusema, kwa kuwa redio inayosikiliza hunywa umeme kidogo sana lakini ikisema kwa wati 25 huvuta kama ampea 5 au 6, na betri iliyochoka au nyaya zenye kutu huanguka hapo hapo. Lakini udhaifu wa kusema na kusikia kwa pamoja unaelekeza kwenye njia ile moja inayotumiwa na yote mawili, yaani antena, waya wake, na plagi inayoingia nyuma ya redio. Nawe umeongeza kwamba mvua huzidisha. Maji yameingia mahali, na mahali hapo mara nyingi ni kwenye waya.

Nitakueleza jambo ambalo kwangu ni aibu ya zamani. Mwenye boti moja ya uvuvi aliniletea malalamiko kama yako, antena ikiwa na ngozi kama ya papa, nami nikamwambia bila kupima kwamba anunue mpya. Alinunua, nikaifunga kwenye waya ule ule wa zamani kwa sababu ulionekana mzima. Wiki haikuisha akarudi na mkwaruzo ule ule. Hapo ndipo nilipochukua kisu nikauchana ule waya hatua moja kutoka kwenye plagi: ganda jeusi lilikuwa zuri kabisa kwa nje, lakini nyuzi za shaba chini yake zilikuwa nyeusi kama wanja na zilisagika vidoleni, na tone moja la maji lilitoka likaniangukia kwenye kucha. Nililiramba; lilikuwa chumvi. Bwana yule hakugomba. Aliniuliza tu antena yake ya zamani iko wapi, na ilikuwa imeshachukuliwa na vijana wa pwani, wameifanya mlingoti wa bendera ya boya la nyavu.

Tangu siku hiyo hukumu yangu hutolewa na kisu, nami nakushauri ufanye hivi. Fungua plagi iliyo nyuma ya redio, ikate, kisha uchane ganda la waya kiasi cha kidole kimoja. Shaba ikiwa nyekundu inayong'aa, au nyeupe ikiwa ni ile iliyopakwa bati, waya wako ni mzima upande huo. Ikiwa nyeusi au ya kijani, usipoteze muda kupaka lehemu, kwani lehemu haishiki kwenye kutu. Nenda upande wa pili, kwenye shina la antena. Antena nyingi za faiba za aina yako huja na waya wake uliokwisha kugandishwa ndani ya shina kiwandani, hazina plagi pale chini, na hapo ndipo penye uamuzi wa swali lako. Kata waya kama shubiri mbili kutoka shinani. Ukikuta shaba safi, maji hayajapanda, na antena inastahili kutengenezwa. Ukikuta weusi, rudi nyuma kidogo kidogo. Ikiwa mpaka unafika kwenye shina bado ni nyeusi, basi maji yamo ndani ya mrija, na humo mkono wako haufiki. Kuna mafundi watakaokuambia wanaweza kuupasua mrija na kuufunga tena. Vipande vya ndani vimepangwa kwa vipimo vya milimita na kushikiliwa kwa gundi, na nilizowahi kuzipasua mimi sikumbuki hata moja iliyorudi baharini.

Sambamba na kisu, ishushe antena uitikise karibu na sikio. Kitu kikigonga ndani, kiungo cha lehemu kimekatika kwa mtetemo wa injini. Ipinde taratibu kama upinde; ukisikia mlio wa kuvunjika kama wa mkate mkavu, faiba yenyewe imekufa na siku moja ya kusi italala. Angalia pia pale waya unapotokea shinani, hasa kama huwa unailaza antena kila unapopita chini ya kitu, kwa sababu waya unaokunjwa mahali pamoja kila siku hukatika mahali hapo hapo.

Huenda fundi akaja na mita ya SWR, ile inayopima kiasi cha nguvu kinachorudi kutoka kwenye antena badala ya kwenda hewani. Ni chombo kizuri, mradi kiwe kimetengenezwa kwa megahezi 156, si kile cha redio za malori za megahezi 27. Kipimo cha 1.5 maana yake asilimia 4 tu ndiyo inayorudi. 2 ni asilimia 11. 3 ni robo nzima. Lakini mita hii ina hila ambayo imewadanganya mafundi wengi wazuri. Waya uliooza hula mawimbi wakati wa kwenda, kisha hula tena yale yanayorudi, hivyo mita iliyowekwa karibu na redio huona kidogo tu kimerudi na kutangaza kwamba mambo ni shwari. Chukua waya uliochoka kiasi cha kupoteza desibeli 5 (desibeli ni kipimo cha kupungua au kuongezeka kwa nguvu): hata ukiiondoa antena kabisa na kuuacha mwisho wake mtupu, mita itasoma karibu 1.9, na mtu atakuambia hiyo inakubalika, ilhali katika wati zako 25 ni kama 8 tu zinazofika juu. Mita ya umeme ya kawaida nayo ina utata wake, kwani antena nyingine zimeunganishwa ndani kwa makusudi kiasi kwamba mita inaonyesha shoti, na nyingine zinaonyesha kama zimekatika, na zote mbili ni nzima. Jaribio ninaloliamini kuliko yote ni la kuazima: chukua antena ya boti ya mwenzako inayosema vizuri, pamoja na waya wake, uichomeke kwenye redio yako mkiwa mmefunga boti ubavu kwa ubavu. Redio ikipona, ugonjwa uko kuanzia plagi kwenda juu, kwenye waya au antena.

Tuseme sasa kisu kimekuta shaba safi shinani. Itengeneze ngozi, na uifanye kwa adabu: vaa glavu, mikono mirefu na barakoa, na usiparuze faiba ikiwa kavu hata siku moja, kwa maana vumbi lake ni kioo. Iloweshe kwa maji baridi, piga msasa wa namba 240 kisha 400 mpaka nyuzi zilale, suuza chumvi yote, uiache ikauke kivulini siku mbili. Jaza nyufa ndogo kwa gundi ya epoksi, kisha upake mikono miwili myembamba ya rangi nyeupe ya poliyurethani, kwa kuwa epoksi peke yake hailiwezi jua. Rangi yoyote yenye unga wa metali ni sumu kwa antena. Nasema hivyo kwa sababu nimeona mtu akitumia masalio ya rangi ya chini ya boti, ile yenye shaba ya kuzuia makoa, na rangi ya namna hiyo huweza kuyazuia mawimbi; na rangi ya fedha ya aluminiamu ni ndugu yake. Ukiona tundu dogo chini ya shina, usilizibe, kwani ndilo linalotoa jasho la ndani.

Waya, kwa vyovyote, badilisha wote, isipokuwa kile kipande kinachotoka shinani. Hapa sina majadiliano, hata kama nusu yake bado ni safi. Ule mwembamba uitwao RG-58 ukiwa na urefu wa mita 10 hupoteza kama theluthi ya nguvu hata ukiwa mpya, wakati ule mnene wa RG-213 kwa urefu huo huo hupoteza kama moja ya tano. Kwa boti yako, ambayo waya wake pengine haufiki mita 7, wa unene wa kati wa RG-8X utatosha, ila utafute ule ambao shaba yake imepakwa bati. Maungio na waya unaotoka shinani uyatie ndani ya kibanda, mahali pakavu, kwa plagi mbili za PL-259, zile za kukaza kwa skrubu zinazotumiwa na redio za boti, na kiungio chake, si kwa kusokota nyuzi na kuzizungushia tepu nyeusi. Yakilazimika kukaa nje, yavike utepe wa mpira unaojishika wenyewe, kisha tepu ya kawaida juu yake, na waya uuache ulegee kidogo chini ya kiungo ili maji yadondoke kabla ya kukifikia. Silikoni inayonuka siki usiilete karibu, kwani ile siki unayoinusa ndiyo itakayoila shaba.

Na kama kisu kimekuta weusi mpaka shinani, nunua mpya, na usivutwe na dukani watakapokuambia kwamba yenye desibeli nyingi ndiyo bora. Antena haiongezi nguvu, inaibana tu, kama donge la chapati: kadiri unavyolisukuma linapanuka, lakini linakuwa jembamba. Boti ikilala ubavuni kwa wimbi, ile chapati nyembamba hutumbukia majini upande mmoja na kuelekea mawinguni upande wa pili. Antena ya mita 2.4, ambayo kwa kawaida huuzwa kuwa ya desibeli 6, inafaa boti ya injini ya mita 9 kama yako. Usipande zaidi ya hapo. Ukiwa dukani, soma kibandiko: ile mirija myeupe yote hufanana, na miongoni mwake zimo za redio za muziki za FM na za simu, ambazo zikichomekwa kwenye VHF hazifai na huweza hata kuiumiza redio.

Kwa mjomba, mpelekee kipande cha waya kilichochanwa. Kisha, baada ya kazi, mfanyie jaribio hili: funga redio kwenye wati 1, simama mahali pale pale ulipokuwa ukikwaruza, na uiite ofisi kwenye chaneli yenu ya kazi, si chaneli 16. Wakikusikia vizuri kwa wati 1 pale ambapo zamani hawakukusikia kwa 25, sidhani kama atauliza risiti.

SWALI: Shikamoo Fundi. Nipo Kilwa Masoko, nina mashua ya tanga yenye redio ndogo. Antena yake ni ule unyuzi mwembamba wa chuma kisichoshika kutu uliosimama juu ya kikopo cheusi, nayo imevunjika karibu na shina ilipogongwa na foromali, ile boriti inayoshika tanga. Naweza kuchomeka kipande cha waya mwingine wa chuma? Na waya wa chini ni ule wa televisheni. Jirani ananiambia ndio ulioniharibia.
*Mvuvi, Kilwa*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Aina yako ndiyo rahisi kutengeneza kuliko zote, kwa kuwa unyuzi hushikwa na skrubu ndogo pembeni mwa kikopo na hutolewa wote. Kitu cha kuogopa ni urefu. Nusu ya wimbi kwenye chaneli 16 ni kama sentimita 95, na koili iliyomo ndani ya kikopo imepangwa kulingana na unyuzi wa urefu maalumu, kwa hiyo unganisha vile vipande viwili vilivyovunjika, pima mpaka milimita, na unyuzi mpya uwe hivyo hivyo. Fimbo ya shaba nyeupe (brasi) ya unene ule ule inafaa, na chuma kisichoshika kutu kinafaa. Chuma cha kawaida cha kuchomelea hakifai, si kwa sababu ya uimara bali kwa sababu umeme wa mawimbi haya hupita kwenye ngozi ya nje tu ya fimbo, na ngozi ya chuma hicho itakuwa kutu kabla ya mwezi kuandama. Kikopo kikiwa na ufa, au kikitoa maji ukikiinamisha, hapo acha, nunua antena nzima.

Jirani yako ana haki nusu. Waya wa televisheni ni wa omu 75 (omu ni kipimo cha ukinzani) na redio yako inataka 50, lakini tofauti hiyo peke yake haiui mawasiliano. Kinachoua ni kwamba waya nyingi za televisheni zina wavu wa aluminiamu, ambao haushiki lehemu, na ukikutana na shaba na maji ya chumvi hugeuka unga mweupe baada ya muda mfupi. Utoe. Antena uliyonayo ni ya aina ifaayo kwa mashua inayolala ubavu, nami nisingekubadilishia kwa ile ndefu ya faiba. Ila ipandishe juu ya mlingoti, mbali na foromali, kwani kuipandisha kutoka mita 2 hadi 6 juu ya maji kutakuongezea kilomita 4 za upeo, na hakuna duka linalouza kilomita hizo.

SWALI: Fundi, nakusalimu kutoka Maskati. Naitengeneza boti ya mbao ya marehemu baba, naye aliipenda antena yake ndefu ya zamani ambayo imekwisha kufa. Ameipima rafiki yangu na kuthibitisha. Watoto wanataka ibaki mahali pake. Je, nikiweka mpya karibu yake kuna ubaya?
*Msomaji, Maskati*

JIBU: Mola amrehemu baba yako. Ibakishe, hakuna ubaya, ila shaba iliyomo ndani yake bado ni shaba, hata kama haifanyi kazi, nayo itayavuruga mawimbi ya jirani yake ikiwa karibu mno. Ziachane kwa mita 1 au zaidi, na mpya iwe ndiyo iliyo juu. Ngozi ya ile ya zamani uisafishe na kuipaka rangi kama nilivyomweleza Nahodha wa Shimoni, ili watoto wasiwashwe. Waya wake uukate kabisa pale shinani, uzibe mwisho kwa epoksi, na plagi yake uiondoe ndani ya kibanda, asije baharia mgeni usiku wa dharura akaikuta inaning'inia nyuma ya redio na kuichomeka.